Kikao cha ndugu na daktari bingwa: kinaingia wapi kwenye ankara ya mgonjwa

SWALI. Mama yangu ana miaka 68. Alipatwa na kiharusi na leo ana siku ya 11 wodini, hospitali binafsi hapa Dodoma. Anatibiwa kwa kadi ya NHIF (Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya) kama mtegemezi wangu. Mimi ni mwalimu. Jumanne daktari bingwa alituita watoto wanne pamoja na mjomba, tukakaa kama dakika 40 kuzungumzia hali yake. Kwenye ankara ya muda nimekuta mstari wa "kumwona daktari bingwa, 40,000" wa tarehe hiyohiyo, na keshia anasema bima imeukataa, tulipe taslimu. Mjomba anasema maneno hayalipiwi. Kaka yetu aliyeko Minneapolis anasema huko Marekani mazungumzo kama yale yana namba yake ya malipo na bima inalipa. Nani yuko sahihi? Alhamisi tuna kikao kingine, cha kuamua kama mama abaki hospitali au tumpeleke nyumbani Kondoa. Tujiandae vipi tusije tukapewa ankara nyingine ya kushtukiza? (Msomaji, Nkuhungu, Dodoma)

JIBU. Pole sana kwa kuuguza, dada. Siku kumi na moja za kupanda na kushuka ngazi za wodi zinachosha hata kabla ya kuiona ankara, na mambo haya ya malipo huwakuta ndugu wakiwa hawana nguvu ya kuuliza. Nitayaeleza kwa urefu, kwa sababu kosa dogo hapa linaweza kuwagombanisha nyie wenyewe kwa wenyewe.

Mjomba ana haki nusu, na kaka yako ana haki kwa nchi aliyoko. Kwenye hospitali zetu kinachotozwa kwa kawaida ni mgonjwa kuonwa na daktari, na kikao cha ndugu hakina mstari wake. Kwa hiyo hiyo 40,000 inategemea bingwa alimfanyia nini mama yenu Jumanne na aliandika nini kwenye faili lake. Msilipe bado, na msikatae bado. Kwanza ombeni kuona vitu vitatu: ankara ya mchanganuo inayoonyesha kila huduma na tarehe yake, ukurasa wa maelezo ya daktari wa Jumanne, na nakala ya fomu ya madai ya bima ya mama.

Ankara ya mgonjwa aliyelazwa hujengwa kwa matofali machache yanayojirudia: kitanda kwa siku, kuonwa na daktari, vipimo, dawa na vifaa, na taratibu kama kuweka mpira wa mkojo au wa kulishia. Mazungumzo na ndugu lazima yaegemee mojawapo ya matofali hayo. Yakikosa pa kuegemea, hayatozwi. Na mazungumzo yenyewe yako ya aina tatu, ambazo watu wengi, wakiwemo makeshia, huzichanganya.

Aina ya kwanza ni yale ya raundi. Bingwa anapita kitanda hadi kitanda, anamwona mama, anamgeukia binti aliyesimama pembeni na kumwambia mkono wa kulia umeanza kupata nguvu, kumeza bado. Hayo ni sehemu ya kumwona mgonjwa. Kama raundi ya siku hiyo imekwisha kuandikwa kwenye ankara, maelezo kwa ndugu yamo humo na hayawi mstari wa pili. Yakichukua dakika tatu au ishirini, bado ni raundi ileile.

Aina ya pili ni kikao kilichopangwa, kama chenu. Bingwa, muuguzi kiongozi wa wodi, pengine mtaalamu wa mazoezi tiba na afisa ustawi wa jamii wanakaa na familia. Hapa ndipo penye utata. Kama bingwa alimpima mama kwanza, akapitia majibu ya picha ya kichwa, kisha akakaa nanyi kuamua hatua inayofuata na akaandika yote hayo, basi alifanya kazi ya kitabibu kwa mgonjwa. Kuandika "kumwona daktari bingwa" siku hiyo kunaeleweka, ila kwa sharti kwamba ni mara moja. Mkikuta Jumanne ina mistari miwili ya bingwa huyohuyo, mmoja wa raundi ya asubuhi na mwingine wa kikao cha mchana, huo wa pili ndio wa kuuliza. Bingwa wa fani nyingine aliyeitwa kutoa maoni yake, kwa mfano wa moyo, ni habari tofauti: huyo ana mstari wake, na lazima kuwe na maandishi ya aliyemwita na ya alichokiona.

Aina ya tatu ni ndugu kwenda kliniki peke yake kuonana na daktari kuhusu mgonjwa aliye wodini au nyumbani. Hapa kuna kosa ambalo nawasihi msilifanye, maana huanza kwa nia njema kabisa. Mapokezi wanauliza, "Kadi iko wapi?" Binti anatoa kadi yake mwenyewe, faili linafunguliwa kwa jina lake, daktari anaandika kiharusi, na kuanzia hapo kumbukumbu za bima zinaonyesha kwamba mwalimu wa miaka thelathini na kitu ana kiharusi. Bima ikija kuhakiki, hayo ni madai ya ugonjwa usiokuwepo, na kadi iliyotumika ni yako. Mazungumzo yoyote kuhusu mama yaandikwe kwenye faili la mama. Hospitali ikisema haiwezi kufungua huduma kwa kadi yake bila yeye kuwepo, jibu la salama ni kulipa taslimu ada ya kumwona daktari na kupewa risiti, au kusubiri kikao cha wodini. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, ICD-10, ina namba ya hali hii hasa: Z71.0, mtu anayetafuta ushauri kwa niaba ya mwingine. Inamsaidia daktari kuandika ukweli wa alichokifanya, lakini namba kuwepo kwenye orodha ya magonjwa hakuilazimishi bima kulipa.

Sasa hilo neno la keshia kwamba "bima imekataa". Liulizeni kwa makini, kwa sababu mama yenu bado yuko wodini. Hospitali hukusanya fomu za madai, huziwasilisha NHIF, zinachakatwa, na makato hujulikana baada ya hapo. Mgonjwa ambaye hata hajaruhusiwa, madai yake hayajafika mezani kwa mchakataji. Kwa hiyo keshia anaposema bima imekataa leo, mara nyingi anamaanisha moja kati ya haya: mfumo haukutoa idhini ya huduma hiyo siku hiyo, au yeye mwenyewe anajua kwamba mstari wa pili wa bingwa kwa siku moja utakatwa, au huduma haimo kwenye kitita cha mafao, yaani orodha ya huduma na bei ambazo NHIF inakubali kulipa. Kitita hicho kilifanyiwa marekebisho na toleo jipya likaanza kutumika tarehe 1 Machi 2024, na tangu hapo ndugu wengi wameona mistari iliyozoeleka ikibadilika. Muulizeni keshia au dirisha la bima kwa upole kabisa: "Ni lipi kati ya hayo, na tunaweza kuonyeshwa?"

Jibu watakalotoa linabadilisha kila kitu. Kama huduma haimo kwenye kitita, mlitakiwa kuambiwa kabla ya kikao, mkachagua kulipa au kutokulipa. Kama huduma imo ila hospitali imekosea kuijaza, mzigo huo ni wa hospitali kurekebisha. Kumgeuzia mgonjwa mstari ambao umekatwa kwa sababu ya karatasi mbovu si haki, na mna kila sababu ya kusimama hapo.

Karatasi huharibika namna gani? Kinachoonekana zaidi ni saini. Fomu ya madai inatakiwa kuwa na saini ya mgonjwa au ya anayemwakilisha, na kwa mgonjwa wa kiharusi ambaye mkono wa kuandikia umepooza, fomu hukaa mezani tupu hadi siku ya kuruhusiwa, kisha mtu anaipitisha haraka kwa ndugu aliyepo. Ndugu anasaini fomu asiyoisoma, na mistari yote inahesabiwa kuwa imekubaliwa. Dada, usisaini fomu yenye nafasi tupu. Soma huduma zilizoorodheshwa, linganisha na siku ulizokuwepo, na weka saini chini ya kile kilichojazwa tu. Kosa lingine ni namba ya ugonjwa kutokufanana na huduma. Kiharusi cha mshipa ulioziba ni I63, cha mshipa uliopasuka na kuvujia damu ndani ya ubongo ni I61, na I64 hutumika pale ambapo aina haijajulikana. Picha ya kichwa ikishaonyesha ni aina ipi, fomu ikaendelea kubeba I64 hadi mwisho, mchakataji anayo sababu ya kuuliza maswali. Fomu yenye Z71 peke yake, bila ugonjwa wenyewe, iko hatarini zaidi, kwa sababu anayeisoma haoni mgonjwa ndani yake. Na kuna tarehe: kikao cha Jumanne kikiandikwa Jumatano kwa sababu karani alichelewa, kinagongana na raundi ya Jumatano na kuonekana kama kuonwa mara mbili.

Kuhusu kaka yako. Anachosema kipo, na ni vizuri mkielewe ili msimwone kama anajidai. Marekani huduma za daktari kwa kawaida zina namba ya tarakimu tano. Mazungumzo ya kupanga matibabu ya mbele, hasa mgonjwa angetaka nini ikiwa hawezi tena kujisemea, yana namba 99497 kwa dakika 30 za kwanza na 99498 kwa kila dakika 30 za nyongeza. Medicare, bima ya serikali ya huko ambayo wengi wa wanachama wake ni wazee, ilianza kulipia namba hizo tarehe 1 Januari 2016. Dakika zinahesabiwa kweli: kikao kisichofika dakika 16 hakiruhusiwi kutumia namba ya kwanza, na ile ya nyongeza inaanza dakika ya 46. Kwa kipimo hicho, dakika zenu 40 zingepata namba moja tu. Mazungumzo yanaweza kufanywa na mgonjwa mwenyewe, au na ndugu au mwakilishi wake, na ni ya hiari. Wala si bure kila mara: mgonjwa wa Medicare kwa kawaida hubeba asilimia 20, isipokuwa mazungumzo yakifanyika pamoja na ziara yake ya afya ya kila mwaka.

Kuna kanuni nyingine ya huko inayofanana zaidi na hali ya mama. Kwenye chumba cha mahututi, daktari anahesabu muda aliokaa na mgonjwa, na namba ya kwanza, 99291, ni ya dakika 30 hadi 74. Muda wa kuzungumza na ndugu unaingia humo pale tu mgonjwa hawezi kushiriki na mazungumzo ni ya lazima ili kuamua matibabu. Kuwapa ndugu habari za kila siku, au kuwafariji, hakuhesabiwi, hata kama kumechukua saa nzima. Na tangu mwaka 2024 Medicare imeweka pia malipo ya kumfundisha ndugu kumhudumia mgonjwa nyumbani.

Namba hizo hazivuki bahari. Huwezi kwenda dirisha la bima Dodoma na 99497 mkononi. Lakini mnaweza kuazima kipimo kilichomo ndani yake, nacho ni kizuri: mazungumzo yanakuwa tiba pale yanapoamua jambo la mgonjwa, na yaandikwe nani alikuwepo, yalianza na kuisha saa ngapi, kwa nini mgonjwa hakushiriki, na nini kiliamuliwa. Maandishi ya Jumanne yakiwa na hayo manne, bingwa ana hoja. Yakiwa na mstari mmoja wa "ndugu wameelezwa hali", hiyo ilikuwa taarifa, na taarifa imo kwenye raundi.

Nimegusia mgonjwa kushiriki, na hapa naomba nisimame kidogo. Kiharusi kinaweza kuchukua usemi kikaacha ufahamu. Mama asiyeweza kutamka anaweza kuwa anasikia kila neno, akajibu kwa kubana mkono au kufumba macho. Kabla ya Alhamisi muulizeni bingwa moja kwa moja: "Mama anaelewa tunayomwambia?" Kama anaelewa, kikao kifanyike kando ya kitanda chake, na swali la Kondoa aulizwe yeye kwanza, kabla ya mjomba na kabla yako. Hata kwa upande wa ankara, kikao akiwa yupo kinakuwa sehemu ya kuonwa kwake bila ubishi wowote.

Tukija kwenye Alhamisi. Leo au kesho, nenda kwa muuguzi kiongozi wa wodi, siyo kwa keshia, ukaulize mambo haya kwa mfuatano huu: kikao kitafanyika lini na nani watakuwepo; kitaandikwa kama sehemu ya raundi ya siku hiyo au kama huduma nyingine; kama ni nyingine, bei yake ni shilingi ngapi na kadi inaipokea. Ukipewa jibu la mdomo, liandike kwenye daftari pamoja na jina la aliyekujibu na saa. Ukiweza, omba kikao kifanyike mara baada ya raundi siku hiyohiyo na bingwa yuleyule. Hiyo peke yake hufuta sehemu kubwa ya mistari ya kushtukiza, kwa sababu daktari anakuwa na mwanya mmoja wa kuandika na karani tarehe moja ya kuingiza.

Muda wa kaka yenu upangwe pia. Tanzania inaitangulia Minneapolis kwa saa tisa miezi ya baridi ya kwao, na saa nane miezi ya joto. Raundi ya saa nne asubuhi Dodoma humkuta yeye saa saba au saa nane usiku. Kikao cha saa kumi jioni humkuta saa moja au saa mbili asubuhi, ameamka na akili imetulia. Raundi ikiwa asubuhi na yeye ni lazima awepo, muombeni bingwa dakika kumi za jioni, mkihakikisha kwanza kwamba hazitaandikwa kama kuonwa upya. Simu anazompigia daktari akiwa huko mwenyewe, kwa nyakati zake, ziepukeni. Hazina mahali kwenye faili, na daktari akimwambia yeye hivi na nyie vile, ugomvi utatua kwenu.

Simu ikiwekwa kwenye spika, daktari ajue nani anasikiliza, na mama aridhie kama anaweza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti. Kurekodi kikao na kukirusha kwenye kundi la ukoo lenye watu sitini kunamvua mama nguo mbele za watu. Majibu ya VVU, kama yamo kwenye faili, yana ulinzi wake tangu sheria ya mwaka 2008. Chagueni msemaji mmoja, na muandishi mmoja asiye msemaji. Watu wanne au watano wanatosha.

Kikaoni penyewe, maswali ya fedha yasiachwe hadi mlangoni. Muulizeni bingwa kila siku ya ziada wodini itampa mama nini ambacho nyumbani hatakipata. Jibu likiwa ni dawa ya mshipa, vipimo vinavyorudiwa au shinikizo la damu lisilotulia, siku hizo zina maana. Jibu likiwa ni kugeuzwa, kulishwa na kufanyiwa mazoezi, basi mnazungumzia uuguzi, na uuguzi unaweza kuhamishiwa Kondoa kama mmefundishwa. Na mafunzo hayo yadaini kabla ya kuondoka. Mtaalamu wa mazoezi tiba awafundishe wawili wenu, wakati wa zoezi la kawaida la mama, jinsi ya kumgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya mgongo, jinsi ya kumkalisha, na namna ya kuushika mkono uliopooza bila kuvuta bega. Likifanyika ndani ya zoezi lake, linabaki zoezi lake kwenye ankara. Muuguzi awafundishe kulisha kwa mpira, akiwaona mkifanya wenyewe. Kabla ya kurudi kulisha kwa mdomo, kumeza kwake kupimwe, maana uji ukiingia kwenye njia ya hewa utamrudisha wodini na homa ya mapafu, na mtaanza ankara mpya.

Hesabu ya nyumbani ifanyeni kwa kalamu. Familia nyingi huhesabu kitanda cha hospitali ambacho bima inalipa, zikasahau vitu ambavyo mfuko wao ndio utavilipa Kondoa. Tuseme nepi za mtu mzima ni nne kwa siku na kila moja 2,000: hiyo ni 8,000 kwa siku, 240,000 kwa mwezi. Wekeni bei ya duka lenu, lakini msiruke mstari huo. Ongezeni godoro la hewa, kiti cha magurudumu, chakula laini, mpira wa kulishia na wa mkojo pamoja na nauli ya kwenda kuubadilisha, malipo ya msaidizi kama wote mnafanya kazi, na gari la kumsafirisha akiwa amelala. Kisha gaweni: nani analipa nini, kila tarehe ngapi, na nani anatunza risiti. Kaka wa Minneapolis akichukua mstari mmoja wa kudumu, kwa mfano nepi na msaidizi, itawasaidia kuliko fedha nyingi za mara moja zinazotumwa siku ya hofu.

Usafiri ulizeni kabla ya kikao kuisha: gari la wagonjwa la hospitali linatozwaje, kwa kilomita au kwa safari, na kurudi tupu kunahesabiwa? Kondoa ni zaidi ya kilomita 150 kutoka hapa, kwa hiyo tofauti ya namna ya kuhesabu si ndogo.

Msiondoke bila karatasi ya ruhusa iliyoandika ugonjwa na namba yake, dawa na dozi, matokeo ya picha, tarehe ya kliniki, na barua kwa hospitali itakayomfuatilia Kondoa. Bila barua hiyo mama ataanza upya kama mgonjwa mgeni, vipimo vitarudiwa, na siku akihitaji kurudishwa juu kwa bingwa, Hospitali ya Benjamin Mkapa kwa mfano, mtatafuta rufaa mkiwa na haraka. Dharura haisubiri rufaa, ila kliniki ya kawaida ya ngazi ya juu kwa kadi ya NHIF inaihitaji. Kadi yenyewe ihakikini leo: mwanachama anaandikisha mwenza na wategemezi wasiozidi wanne, na mtegemezi ambaye taarifa zake zina kasoro ndogo ya jina au tarehe ya kuzaliwa hukwama dirishani siku mbaya kuliko zote. Mchango wako wa asilimia 3 ya mshahara, na asilimia 3 ya mwajiri, ndio unaomlinda. Kasoro ya herufi isiuvuruge.

Kama bingwa atawaambia kwamba uponaji hautarajiwi, ulizeni kuhusu tiba shufaa kwa jina hilo. Ni huduma ya kupunguza maumivu na mateso, nayo ina namba yake kwenye ICD-10, Z51.5, inayoandikwa pamoja na ugonjwa wenyewe. Familia nyingi hudhani kukubali nyumbani ni kumwacha mgonjwa bila tiba, na kwa sababu hiyo hulipia siku za wodi ambazo hazimsaidii wala hazimfariji.

Ikitokea siku moja mmehamia hospitali ya umma na kuna huduma ambazo kadi haizibebi, kumbukeni ofisi ya ustawi wa jamii. Sera ya afya inawatambua wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo kuwa watu wa kupewa msamaha, na huanzia kwa barua ya mtendaji wa mtaa au kijiji. Nendeni mapema, siyo siku ya kuruhusiwa ambapo deni limeshaiva. Malipo ya hospitali za umma hupita kwa namba ya kumbukumbu ya serikali yenye tarakimu 12, ile watu wanayoiita kontroo namba. Uzuri wake ni kwamba ndugu aliyeko Mwanza anaweza kulipa moja kwa moja kwa simu, akaona jina la taasisi kabla ya kuweka namba ya siri, na fedha isipite mikononi mwa watu watatu. Mtu yeyote anayewaambia mtume kwenye simu yake binafsi ili "awasaidie kulipa", mkatalieni.

Sasa mstari wenu wa 40,000. Mkishaona zile karatasi tatu, na ikaonekana Jumanne ina mistari miwili ya bingwa mmoja, au maandishi hayaonyeshi mama kuonwa, anzeni kwa muuguzi kiongozi, kisha dirisha la bima, kisha mhasibu, kisha mganga mfawidhi, yaani daktari mkuu wa hospitali. Mara nyingi jambo huishia kwa wawili wa mwanzo. Likigoma, ofisi ya NHIF hapa Dodoma hupokea malalamiko ya wanachama. Wenye bima za kampuni binafsi wana Mamlaka ya Usimamizi wa Bima na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Baraza la Madaktari Tanganyika linahusika na mwenendo wa daktari, kwa hiyo msilipelekee ugomvi wa bei.

Mkilazimika kulipa ili mama aruhusiwe, lipeni mkiwa na risiti na barua inayosema mmelipa huku mkihoji. Iwe fupi, mfano huu:

"Kwa Mganga Mfawidhi. Yah: Mstari wa kumwona daktari bingwa, Sh 40,000, wa tarehe fulani, faili namba fulani. Mgonjwa anatibiwa kwa kadi ya NHIF kama mtegemezi. Siku hiyo bingwa huyo ameandikwa mara mbili, mara moja kwa raundi na mara moja kwa kikao cha ndugu. Hatukuelezwa gharama kabla ya kikao. Tumelipa leo kwa risiti namba fulani ili mgonjwa aruhusiwe, na tunaomba maelezo ya maandishi ni kwa nini mstari huu hauingii kwenye madai ya bima, au turejeshewe. Simu ya msemaji wa familia ni hii."

Badilisha sentensi inayoanza na "Siku hiyo bingwa" kulingana na mtakachokikuta kwenye faili. Kama bingwa ameandikwa mara moja tu, iondoe kabisa. Toa nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na ubaki nayo, uiweke bahasha moja na ankara ya mchanganuo na daftari la kikao cha Alhamisi.